Namba Ishirini, Majibu Mawili

Kisa hiki ni cha kweli tupu. Kinahusu wagonjwa kumi waliokosa usingizi, mtaalamu mmoja wa kiwanda cha bia aliyeandika bila kutaja jina lake, na kompyuta iliyopewa namba zilezile mara mbili ikatoa majibu mawili yasiyofanana. Kompyuta haikuwa na hitilafu, wala hakuna namba iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni jambo dogo ambalo kompyuta haiwezi kulijua mpaka iambiwe na mtu.

Twende kwanza Marekani, jimbo la Michigan, katika mji wa Kalamazoo. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Wengi wao walikuwa hawalali, na mtu asiyelala hapati nafuu. Arthur Cushny, Mskoti aliyekuwa akifundisha elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Michigan, alishirikiana na mwenzake Peebles kuchunguza dawa za usingizi zilizokaribiana sana kikemia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1905. Wagonjwa kumi walipewa dawa moja nyakati fulani, dawa nyingine nyakati nyingine, na kuna nyakati hawakupewa kitu. Kila mgonjwa alihesabiwa saa alizolala, kisha zikaondolewa saa anazolala asipopewa dawa. Kilichobaki ni ziada: dawa imemwongezea usingizi kiasi gani, au imempunguzia kiasi gani.

Hizi hapa ziada za dawa ya kwanza kwa saa, kuanzia mgonjwa wa 1 hadi wa 10:

0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0

Na hizi za dawa ya pili, wagonjwa walewale, kwa mpangilio uleule:

1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4

Msizipite haraka. Kila namba hapo ni usingizi wa mtu. Mgonjwa wa 2, kwa dawa ya kwanza, alipoteza saa moja na dakika 36 za usingizi. Kwa dawa ya pili akapata dakika 48 za nyongeza. Mgonjwa wa 5 hakuna dawa iliyomsaidia. Mgonjwa wa 7 alikuwa na bahati, maana dawa zote mbili zilimlaza vizuri. Mgonjwa wa 9 dawa ya kwanza haikumgusa kabisa, ya pili ikamwongezea zaidi ya saa nne na nusu. Watu hawa wamebaki katika kumbukumbu za sayansi kwa namba zao tu, na nadhani tunawapa heshima yao tukizisoma mstari kwa mstari, mtu kwa mtu.

Sasa wastani. Jumlisha ziada za dawa ya kwanza, gawanya kwa kumi: unapata saa 0.75. Fanya hivyo kwa dawa ya pili: saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58, karibu saa moja na dakika 35 kila usiku. Kwa mtu anayekesha akitazama dari, hiyo ni neema. Lakini je, dawa ya pili ni bora kweli, au ni bahati ya watu kumi tu? Tungewachukua wengine kumi, si ajabu mambo yangegeuka.

Hapo ndipo anapoingia yule mtaalamu wa kiwanda cha bia.

Jina lake William Sealy Gosset, mzaliwa wa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kampuni ya Guinness mjini Dublin, Ireland. Guinness walikuwa wakinunua shayiri na hopsi kwa wingi mno, nao walitaka kujua kwa hakika shayiri ipi inafaa, shamba lipi linazaa, na mzigo upi wa hopsi ni bora kuliko mwingine. Kwa hiyo waliwachukua vijana wa sayansi kutoka vyuo vikuu, wakawapa maabara na maswali.

Tabu ya Gosset ilikuwa hii. Hesabu za takwimu za siku hizo zilitengenezwa kwa ajili ya namba nyingi, mamia kwa mamia. Yeye alikuwa na vipimo vinne, au sita, au kumi. Huwezi kumwambia mkulima apande mashamba mia mbili ili ujue mbegu ipi ni nzuri. Ardhi haitoshi, na msimu ni mmoja. Wakubwa wa takwimu wangeweza kumwambia aongeze vipimo. Gosset aliona kwamba swali la mtu mwenye vipimo vichache ni swali halali, nalo linastahili jibu. Nampenda sana kwa hilo. Wengi wenu mtakaofanya utafiti, katika shule ya kata au zahanati ya kijiji, mtakuwa na vipimo vichache, na mlango mtakaoupita ni huo aliofungua yeye.

Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama zile, katika Chuo Kikuu cha London kinachoitwa University College. Mwaka 1908 jarida la Biometrika likachapa makala yake. Guinness hawakuruhusu wafanyakazi wao kuchapisha kwa majina yao, basi mwandishi akajiita "Student", yaani mwanafunzi. Ndiyo maana hadi leo vitabu vinasema t ya Student, kana kwamba Student ni ukoo.

Alichogundua kinafahamika kwa sikio. Fikirini mtu anakuita kutoka upande wa pili wa soko. Kama utamsikia au la, hilo halitegemei sauti yake peke yake. Linategemea pia kelele za soko. Sauti ndogo katika soko tulivu inasikika, na sauti kubwa katika soko lenye vurugu inaweza kupotea. Katika hesabu yetu, sauti ni tofauti ya wastani. Kelele ni jinsi vipimo vinavyotawanyika: mmoja juu, mmoja chini, kwa sababu watu hawafanani. Gawanya tofauti kwa kipimo cha kelele, na jibu unalopata ndilo t. Kipimo hicho cha kelele wanatakwimu hukiita kosa sanifu, nacho hupungua kadiri watu unaowapima wanavyoongezeka.

Hadi hapo hakuna jipya. Waliomtangulia walijua kugawanya. Hatari aliyoiona Gosset ni kwamba kelele yenyewe tunaikadiria kutoka kwenye vipimo vyetu vichache. Ukiwa na vipimo vinne tu, vinaweza kukaribiana kwa bahati, ukadhani soko ni tulivu kumbe si tulivu. Hapo t inapaa juu bila haki. Kwa sampuli ndogo, basi, lazima tudai t kubwa zaidi kabla ya kuamini. Ukiwa na vipimo vingi sana, watu wamezoea kudai t ivuke 1.96. Ukiwa na kumi, kama wagonjwa wetu, idai ivuke 2.262. Ukiwa na vinne, ivuke 3.182. Ukali huo wa ziada ndio zawadi aliyotuachia.

Alilithibitishaje? Hili linanifurahisha kuliko yote. Alichukua vipimo vya wafungwa 3000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuchapishwa katika jarida lilelile. Akaviandika kwenye vipande 3000 vya karatasi ngumu, akavichanganya sana, akavitoa kimoja kimoja bila kuchagua. Kila vinne vilivyofuatana vikawa sampuli moja. Zikapatikana sampuli 750. Kwa kila moja akapiga hesabu yake, halafu akatazama kama matokeo yanafuata mchoro ambao hisabati yake ilikuwa imetabiri. Yakaufuata vizuri. Leo kompyuta ya shule inafanya kazi hiyo kabla hujapepesa jicho, nami ningependa kila mwanafunzi wa takwimu aifanye angalau mara moja, aone kwa macho yake jinsi sampuli za watu wanne zinavyoyumba.

Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, alikuja kulipanga jambo hili likawa katika umbo tunalolijua, pamoja na herufi t na kile kinachoitwa digrii za uhuru. Digrii za uhuru zisiwatishe. Ukiwa na tofauti kumi na unaujua wastani wake, tisa zinaweza kuwa namba yoyote, lakini ya kumi imekwisha kufungwa na wastani. Kwa hiyo digrii ni 9. Kitabu cha Fisher cha mwaka 1925 ndicho kilichozoesha watafiti kutumia kiwango cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100.

Sasa tuwashe kompyuta.

Nitatumia R kwa sababu ni ya bure, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ukiisakinisha tu, wale wagonjwa kumi wa Kalamazoo wanakuja nayo. Gosset alizitumia namba zao kama mfano wa kwanza katika makala yake ya 1908, na waliotengeneza R wakaziweka humo kwa jina la sleep. Andika neno hilo, bonyeza Enter, na namba zote 20 zinajitokeza katika safu tatu: extra ndiyo ziada ya usingizi, group ndiyo dawa, na ID.

Mwanafunzi mwenye haraka huandika hivi:

t.test(extra ~ group, data = sleep)

Maana yake: linganisha wastani wa extra kati ya makundi mawili ya group. R inajibu mara moja. t ni -1.8608, digrii za uhuru ni 17.776, na thamani ya p, ambayo nitaieleza mbele, ni 0.07939. Alama ya kutoa isikusumbue. R imechukua kundi la kwanza ikatoa la pili, na la kwanza ndilo dogo. Chini yake kuna masafa ya tofauti, yaani tofauti halisi inakadiriwa kuwa kati ya wapi na wapi: kutoka -3.37 hadi 0.21. Sifuri imo ndani yake. Mwanafunzi anaandika katika ripoti yake kwamba ushahidi hautoshi kusema dawa ya pili ni bora. Anafunga kompyuta.

Mwanafunzi mwingine, mwenye namba zilezile, anaandika hivi:

with(sleep, t.test(extra[group == 1], extra[group == 2], paired = TRUE))

R inajibu: t ni -4.0621, digrii za uhuru ni 9, thamani ya p ni 0.002833. Masafa ya tofauti yanatoka -2.46 hadi -0.70. Sifuri haimo. Huyu anaandika kwamba dawa ya pili inaongeza usingizi kuliko ya kwanza, pengine kwa dakika 42, pengine kwa karibu saa mbili na nusu.

Tofauti ya wastani ni ileile, saa 1.58. Ila wa kwanza amesema "sina uhakika", wa pili amesema "naona wazi". Nani kakosea?

Rudini kwa wagonjwa. Agizo la kwanza liliiambia R kwamba kuna watu 20: kumi walipewa dawa hii, kumi wengine dawa ile. R ikatazama kundi la kwanza ikaona mtu aliyepoteza saa 1.6 na mwingine aliyepata 3.7, ikasema, hapa pana kelele nyingi. Na ni kweli, watu hawa wanatofautiana sana. Mgonjwa wa 7 hulala vizuri kwa dawa yoyote, na wa 5 haongezewi usingizi na dawa yoyote. Lakini kelele hiyo haihusiani na swali letu! Hatukuuliza kama mgonjwa wa 7 anatofautiana na wa 5. Tumeuliza kama mgonjwa yuleyule analala zaidi kwa dawa hii kuliko ile.

Basi mlinganisheni kila mgonjwa na nafsi yake, dawa ya pili kasoro dawa ya kwanza:

1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4

Tazameni. Hakuna hata mmoja aliye chini ya sifuri. Tisa kati ya kumi walilala zaidi kwa dawa ya pili, na mmoja alibaki palepale. Hata bila kompyuta, macho yanaona. Kelele ya watu kutofautiana imeondoka, kwa sababu kila mmoja amelinganishwa na nafsi yake. Kosa sanifu lilikuwa 0.85 katika hesabu ya kwanza. Sasa ni 0.39. Gawanya 1.58 kwa 0.39 na t inaruka hadi kupita 4. Maneno paired = TRUE yanaiambia kompyuta kwamba vipimo hivi ni jozi: viwili viwili, kutoka kwa mtu mmoja.

Gosset mwenyewe alihesabu kwa jozi. Alihitimisha kwamba uwezekano wa dawa ya pili kuwa ndiyo bora ni kama 666 kwa 1. Mwanafunzi wa pili yuko sahihi. Wa kwanza hakukosea hesabu hata kidogo. Amejibu swali kuhusu watu 20 ambao hawakuwapo.

Nawaona baadhi yenu mmeshaanza kuwaza: basi nitatumia jozi kila mara, maana inanipa majibu mazuri. Hapana! Subirini niwaletee simbilisi.

Simbilisi ni wale wanyama wadogo wanaofugwa na familia nyingi Iringa, Njombe na Mbeya. Ndani ya R kuna data nyingine, ToothGrowth, ya simbilisi 60 waliopewa vitamini C. Nusu waliipata kwa maji ya machungwa, nusu kwa asidi ya askobiki, kwa dozi za miligramu 0.5, 1 au 2 kwa siku. Kilichopimwa ni urefu wa seli zinazojenga meno. Kila mnyama alipata njia moja tu na dozi moja tu, akapimwa mara moja. Hapa hakuna jozi. Agizo la kawaida,

t.test(len ~ supp, data = ToothGrowth)

linatoa wastani wa 20.66 kwa machungwa na 16.96 kwa asidi, t ya 1.9153 na thamani ya p ya 0.06063. Ushahidi si mkubwa wa kutosha kwa kiwango cha 0.05.

Lakini kila upande una wanyama 30, na namba zinalingana. Ukiilazimisha R kuzifanya jozi, mstari wa kwanza kwa mstari wa kwanza, wa pili kwa wa pili, haitalalamika. Itakupa t ya 3.3026 na thamani ya p ya 0.00255. Jibu linapendeza, nalo halina msingi, kwa sababu simbilisi wa mstari wa kwanza upande huu hana uhusiano wowote na wa mstari wa kwanza upande ule, ila walipewa dozi moja. Dozi ni jambo zito na ina njia yake ya kuingizwa katika hesabu. Kumtafutia mnyama pacha ambaye hakuzaliwa naye si njia hiyo.

Mnaona sasa? Kwa wagonjwa, kusahau jozi kulificha ukweli. Kwa simbilisi, kubuni jozi kungetengeneza ukweli wa uongo. Na katika hali zote mbili kompyuta ilitii bila neno, ikatoa desimali zake zote. Desimali nyingi si dalili ya ukweli. Kompyuta haikuwapo wodini pale Kalamazoo. Haijui kwamba aliyemeza dawa ya kwanza ndiye aliyemeza ya pili. Wewe unajua, au unapaswa kujua, na ni kazi yako kuiambia.

Wale mnaotumia SPSS, njia ni menyu ya Analyze, kisha Compare Means, na hapo utakuta majina mawili tofauti: Independent-Samples kwa makundi yasiyohusiana, na Paired-Samples kwa jozi. Kwa makundi yasiyohusiana inakupa mistari miwili ya majibu, mmoja ukidhani mtawanyiko wa makundi yote mawili ni sawa, mwingine bila kudhani hivyo. Nawashauri msome huo wa pili. Ndio utaratibu wa Welch, mwanatakwimu Mwingereza, na R huutumia yenyewe usipoiambia vinginevyo; ndiyo maana tuliona digrii za uhuru zenye desimali, 17.776. Katika Excel kuna T.TEST, na sehemu yake ya mwisho hutaka namba: 1 kwa jozi, 2 kwa makundi yenye mtawanyiko sawa, 3 kwa makundi yenye mtawanyiko usio sawa. Namba hiyo moja ndiyo inayobeba kisa chote hiki, na wengi huiandika bila kufikiri.

Niseme pia kuhusu hiyo p, maana huwa inasemwa vibaya hata na watu wazima. Thamani ya 0.002833 haisemi kwamba dawa ya kwanza ina nafasi ya asilimia 0.28 ya kuwa sawa na ya pili. Inasema hivi: tuseme dawa hizi hazitofautiani hata chembe, halafu turudie jaribio hili mara nyingi; katika majaribio 1000, kama 3 tu yangetoa t iliyo mbali na sifuri kiasi hiki au zaidi, kwa bahati tupu. Kwa kuwa 3 katika 1000 ni nadra, tunaanza kuishuku dhana ya kwamba hazitofautiani. Ni hoja ya kushuku, wala haituambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Kwa hilo tazama yale masafa, dakika 42 hadi saa mbili na nusu, kwa sababu mgonjwa haulizi p, anauliza atalala saa ngapi. Na ukifanya majaribio 20 ya mambo yasiyo na tofauti yoyote, ukitumia 0.05, uwezekano wa angalau moja kukudanganya ni karibu asilimia 64. Kwa hiyo amua swali lako kabla ya kubonyeza.

Kuna jambo moja limebaki, la mgonjwa wa 9. Saa zake 4.6 zimejitenga mbali na za wenzake. Mtu anaweza kudhani kwamba ni yeye aliyebeba matokeo yote, na ukimwondoa, tofauti itayeyuka. Jaribuni. Wastani wa tofauti unashuka kutoka 1.58 hadi 1.24, lakini t inapanda kutoka 4.06 hadi 5.66! Alikuwa ameongeza sauti, kweli, ila alikuwa ameongeza kelele zaidi. Simwelezi ili mjifunze kufuta watu kwenye data; mtu aliyelala saa nne na nusu zaidi ni mtu halisi na abaki. Namweleza ili mjue kwamba namba moja iliyo mbali inaweza kuivuruga hesabu kwa upande usioutarajia, na kwamba kabla ya t.test ni lazima uchore nukta zako na kuzitazama. Hesabu hii hutarajia tofauti zilizotawanyika kwa umbo la kengele, au angalau zisizopinda kupita kiasi. Kwa vipimo kumi, macho yako ni mlinzi mzuri.

Gosset aliendelea kufanya kazi Guinness mpaka alipofariki mwaka 1937. Wale wagonjwa kumi bado wamo ndani ya kila R inayosakinishwa, na safu ile ya tatu, ID, ndiyo inayosema mtu yupi ni yupi. Lile agizo la kwanza halikuisoma kabisa. Nawaombeni jambo moja: mnapopima mahindi, mbio, au alama za mtihani kabla na baada ya masomo ya ziada, wekeni safu ya ID kabla ya safu nyingine yoyote, na muijaze siku ileile mnayopima.